Italia: Sahani ya makaroni iliyosherehekea mwisho wa Mussolini

Kila tarehe 25 mwezi wa saba, katika kijiji cha Gattatico, kaskazini mwa Italia, watu hukusanyika kwenye nyumba ya zamani ya wakulima na kula makaroni pamoja. Chakula chenyewe ni rahisi: makaroni, siagi na fromaji. Lakini nyuma ya sahani hiyo kuna historia ya jamaa moja iliyolipa kwa damu.

Jamaa hiyo ni ya Alcide Cervi na mke wake Genoeffa Cocconi. Walikuwa na watoto wa kiume saba: Gelindo, Antenore, Aldo, Ferdinando, Agostino, Ovidio na Ettore. Mwaka 1934 walihamia Gattatico, wakakodi shamba na kuanza kulilima kwa njia za kisasa. Walisoma vitabu vya kilimo, wakafuga ng'ombe wa maziwa, na baadaye wakanunua trakta. Wakati huo Mussolini na mafashisti wake walikuwa wanatawala inchi tangu 1922. Ndugu hao hawakuwaunga mkono.

Mwaka 1940 Italia iliingia vitani, na njaa ikafuata. Chakula kiligawanywa kwa kadi. Kufikia 1942, mtu wa kawaida alikuwa na haki ya gramu 150 tu za mkate kwa siku. Wakulima nao walilazimishwa kutoa mavuno yao kwa serikali. Unga, siagi na fromaji vikawa mali ya thamani, hata katika jimbo lile la Reggio Emilia ambako fromaji ya parmigiano hutengenezwa.

Usiku wa tarehe 25 mwezi wa saba 1943, saa tano kasoro robo, radio ilitangaza kwamba Mussolini hayuko tena kwenye utawala. Mfalme alikuwa amemwondoa, na mchana huo huo alikuwa amekamatwa. Watu walitoka barabarani kwa furaha. Wengi waliamini kwamba vita vimekwisha, ingawa serikali mpya ilitangaza kwamba vita vinaendelea.

Jamaa ya Cervi waliamua kusherehekea kwa namna ambayo kila mwenye njaa angeielewa. Pamoja na majirani walikusanya unga, wakachukua siagi na fromaji kwa deni kwenye viwanda vidogo vya maziwa. Makaroni yakapikwa kwenye vyungu vikubwa: maji yenye chumvi yachemke sana, makaroni yaingie, yakiiva maji yamwagwe, kisha siagi iyeyuke juu yake na fromaji iliyokwaruzwa inyunyizwe kwa wingi. Waitalia huiita pastasciutta, maana yake makaroni makavu, yasiyo ndani ya supu. Chakula kikatiwa ndani ya mabidoni ya maziwa, kikapakiwa kwenye mkokoteni na kupelekwa uwanjani Campegine, mji wa jirani. Wakaaji wakaja, na kila mtu akapata sahani yake bila kulipa.

Furaha haikudumu. Mwezi wa tisa Wajerumani waliteka kaskazini mwa Italia na kumrudisha Mussolini. Nyumba ya Cervi ikawa kimbilio la wafungwa wa vita waliotoroka, watu wa inchi mbalimbali. Walikula mezani na jamaa hiyo na kulala humo.

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja, mafashisti waliizunguka nyumba. Risasi zilipigwa, moto ukawashwa. Ndani kulikuwa na wanawake na watoto wadogo, na ndugu hao wakajisalimisha. Walifungwa pamoja na baba yao. Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili 1943, wote saba walipigwa risasi mjini Reggio Emilia, kulipiza kisasi cha kiongozi wa mafashisti aliyeuawa siku moja kabla.

Baba hakujua. Mwanzoni mwa 1944 mabomu ya ndege yalibomoa gereza, naye akatoroka na kurudi nyumbani akidhani watoto wake wako hai kwenye gereza lingine. Genoeffa alimficha kwa muda kabla ya kumwambia. Yeye mwenyewe alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka huo. Alcide alibaki na wajane na wajukuu, akaendelea kulima hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1970.

Leo nyumba yao ni makumbusho, na sahani ile hupikwa kila mwaka pia katika miji mingi ya Italia. Mapishi hayajabadilika: hakuna nyama, hakuna nyanya. Ni kile kile walichoweza kukopa wakulima wa mwaka 1943, na bado hugawiwa kwa wote wanaokuja.