Njia Panda ya Unyanyembe na Maabara Isiyoshikika

Wenye redio wameyasikia maneno haya. Wewe unayeyasoma sasa, yasome polepole, na ukikwama mwulize jirani yako. Leo twajifunza juu ya kompyuta, lakini tutaanzia njiani, kwa miguu.

Wengi wenu mwaijua Itetemia, hapa Tabora, makao ya zamani ya watemi wa Unyanyembe. Katika karne ya 19 mizigo iliyotoka Bagamoyo ilifika nchi hii baada ya miezi miwili au mitatu ya kutembea. Hapa njia iligawanyika. Mwenye kwenda Ujiji alishika magharibi. Mwenye kwenda Karagwe na Buganda alielekea kaskazini. Wengine walishuka kusini, Ufipa. Mpagazi hakulazimika kuijua safari yote. Alitaka kujua kituo kinachofuata tu, na kituoni palikuwa na watu waliojua njia ipi iko wazi na ipi imefungwa.

Mwaka 1871 njia ya magharibi ilifungwa. Mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikaa Unyanyembe karibu miezi mitatu. Mwezi wa Septemba akaamua kuzunguka kwa kusini, na mwisho wa mwaka akafika Ujiji. Huko alimkuta Livingstone hana kitu, maana bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zilikwisha kuuzwa na mtu yule yule aliyekabidhiwa. Mzigo uliondoka, lakini haukumfikia mwenyewe. Baadaye Livingstone alikuja Kwihara, akangoja hadi Agosti 1872 ndipo akapata wapagazi aliotumiwa na Stanley.

Sasa mtaniuliza: Mwalimu, mambo ya Mirambo yahusu nini kompyuta? Yahusu sana. Kompyuta moja ikipeleka barua kwa nyingine, barua ile hukatwa vipande vidogo viitwavyo vifurushi. Kila kifurushi huandikwa anwani mbili: kinakokwenda na kilikotoka. Katika kila njia panda hukaa kifaa kiitwacho ruta. Ruta huisoma anwani, hutazama orodha yake ya njia, kisha hukipeleka kifurushi kwenye kituo kinachofuata. Njia moja ikifungwa, nayo ikiwa imefundishwa njia nyingine, hukizungusha. Kifurushi cha barua kikipotea, kompyuta iliyokituma hungoja kidogo, isipopata jibu hukituma tena. Mambo yote hayo huisha kabla hujafumba jicho na kufumbua.

Kazi ya kuzipanga njia hizo ni kazi ya watu, nao lazima wafundishwe. Hapo ndipo penye taabu. Ruta ni ghali. Ili mwanafunzi aelewe vizuri, moja haimtoshi. Ataka tatu au nne, na kompyuta kila upande. Darasa la watu arobaini litapata wapi vitu hivyo?

Nchi yetu imeijua taabu hii tangu zamani. Serikali iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zilipovurugika, watu walizichukia mashine, na mwaka 1974 Serikali ikakataza kuingiza kompyuta nchini. Siwalaumu waliokataza; fedha za kigeni zilikuwa chache, na mashine ilikuwa imewatia hasara. Lakini katazo lile lilipolegea, wenzetu wa nchi nyingine walikuwa wamekwisha kulea kizazi kizima cha mafundi. Hata mimi nilipata kuona chuo kimoja ambako ruta ilikuwa moja tu, nayo ilifungiwa kabatini isije ikaharibika. Mwalimu aliichora kwa chaki. Wanafunzi wakanakili ule mchoro, wakafanya mtihani, wakafaulu.

Ndipo likaja jambo tunalotaka kulijua leo: maabara pepe. Neno hilo lisiwatishe, si la waganga wala la mapepo. Maana yake ni maabara iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo huwezi kuishika. Mfano mmoja ni programu iitwayo Packet Tracer, ya kampuni ya Cisco ya Marekani. Kampuni hiyo ilianzisha mafunzo yake ya mitandao mwaka 1997, na vyuo vya Tanzania navyo huyatumia.

Mwanafunzi hufungua kioo cha kompyuta yake, akaona uwanja mweupe. Anaweka ruta hapa, nyingine pale, kompyuta kando. Anaziunganisha kwa mistari, na mistari hiyo ndiyo nyaya. Mwanzoni alama za mwisho wa mstari ni nyekundu. Anaandika anwani, anaiwasha ruta, na mambo yakiwa sawa alama hugeuka kijani. Kisha anatuma kifurushi, nacho huonekana kama bahasha ndogo ikitembea kituo kwa kituo. Kikikwama huwekwa alama ya mkasi, na mwanafunzi huona ni kituo gani kilichokikataa. Akikosea mara kumi hakuna kilichoungua. Anafuta na kuanza upya.

Iko maabara ya namna nyingine. Katika miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere ya Uganda na Obafemi Awolowo ya Nigeria vilishirikiana na chuo cha MIT cha Marekani. Huko vifaa vya umeme vilikuwa vya kweli, lakini mwanafunzi alivitumia akiwa mbali kwa njia ya intaneti, na majibu yakarudi kwake. Shida ilikuwa intaneti yenyewe. Waya mkubwa wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam Julai 2009; kabla yake tulitegemea setilaiti, kwa bei kubwa na mwendo wa kinyonga.

Je, maabara pepe yatosha? Kwa maoni yangu, haitoshi. Ndani ya programu hakuna vumbi la Tabora, hakuna radi ya masika, hakuna panya wa kutafuna waya. Umeme haukatiki ila wewe upende. Waya halisi wa mtandao una nyuzi nane za rangi, lazima zipangwe kwa utaratibu wake na kubanwa kwa koleo maalumu. Mkono usiozoea utaziharibu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili walijifunza kwa redio na vitabu vidogo wakiwa katika vikundi. Lakini vyoo vilichimbwa kwa jembe. Anayejifunza kwa kioo naye lazima siku moja apewe waya na koleo. Hata hivyo, afadhali yule aliyekosea mara kumi kwenye kioo kuliko yule wa chaki, ambaye hakupata nafasi ya kukosea hata mara moja.

Sasa kazi ya darasa. Wekeni mkekani karatasi tano na kuziandika: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, Karagwe, Ufipa. Ziunganisheni kwa kamba, na Ujiji iwe na kamba mbili, moja kutoka Tabora na moja kutoka Ufipa. Mtu mmoja akae penye kila karatasi. Wa Bagamoyo aandike anwani kwenye kipande cha karatasi na kukipeleka. Kila mmoja asome anwani na kukisogeza kituo kimoja tu, bila kuuliza safari yote. Mkisha kuzoea, mtu wa sita awe Mirambo, aikate kamba ya Tabora na Ujiji bila kusema. Tazameni yule wa Tabora atafanya nini, na andikeni kifurushi kilipita wapi.