Siku Ambazo Hakuna Aliyekuwa Mgonjwa

Ijumaa tarehe 12 Mei 2000, mvua kubwa ilinyesha Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada, wenye watu wapatao 4,800. Wiki nzima ilikuwa ya mvua. Kuanzia Jumatatu zilishuka milimita 134 hivi, na Ijumaa hiyo peke yake zilishuka karibu 70. Nje kidogo ya mji, upande wa kusini magharibi, palikuwa na kisima kinachoitwa Namba 5. Kilichimbwa mwaka 1978, na tangu mwanzo ilijulikana kwamba si kisima cha kuaminika. Maji yake yalitoka mita 5 hadi 8 tu chini ya ardhi, na mwamba wa pale una nyufa. Jirani yake palikuwa na shamba la ng'ombe lililokwishatiwa samadi ya msimu. Mvua ikaosha samadi, maji yakapenya ardhini, na bakteria wakaingia kisimani, wakiwemo E. coli wa aina ya O157:H7, ambao ni wakali kuliko wengi wa ndugu zao.

Mkulima hakuwa na kosa. Tume iliyokuja kuchunguza mkasa ilisema wazi kwamba alifuata taratibu zote za kilimo bora, na ni haki yake jambo hilo litajwe kila tukio hili linaposimuliwa.

Usiku wa Ijumaa, basi, sumu iko kwenye mabomba na hakuna anayeumwa. Wengi wanaosimulia habari hii huharakisha kwenda kwenye wodi na vifo. Mimi naomba tukae kwanza kwenye siku tatu zilizofuata.

Jumamosi tarehe 13, asubuhi. Mfanyakazi wa shirika la maji la mji anafika Namba 5 kwa ukaguzi wa kila siku. Pampu inafanya kazi. Klorini inaingia kidogo kidogo, pungufu ya kiwango kilichotakiwa. Kazi moja iliyobaki ni kupima klorini ya mabaki, na kipimo chenyewe ni chepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la sita anaweza kukifanya. Unachota maji kwenye kichupa cha kioo hadi kwenye alama, unatia kidonge au unga wa kipimo, unatikisa, unakiinua kwenye mwanga. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo, na unalinganisha ukolevu wa rangi na kadi uliyopewa. Yakibaki vilevile, hakuna klorini. Klorini hutumika inapoua vijidudu, kwa hiyo uchafu ukiwa mwingi inaisha yote. Kichupa kisichogeuka rangi kinakwambia mambo mawili kwa pamoja: maji haya hayana kinga, na kuna kitu kimeingia humo kimeila kinga yote. Ontario ilitaka miligramu 0.5 kwa lita zibaki baada ya dakika 15.

Kipimo hakikufanyika Jumamosi. Hakikufanyika Jumapili tarehe 14, ambayo huko Kanada ilikuwa Siku ya Mama. Hakikufanyika Jumatatu. Kwa miaka mingi daftari la Namba 5 lilikuwa likijazwa tarakimu zilezile, 0.5 au 0.75, bila mtu kushika kichupa.

Nimejaribu kuwachukia wafanyakazi hao nikashindwa. Hawakuwa wakimtilia mtu sumu. Wao wenyewe walikuwa wakinywa maji ya kisimani kabla hayajatiwa dawa, kwa kuwa waliamini maji ya chini ya ardhi ni safi kwa asili yake. Tena wakazi walikuwa wakilalamika kwamba maji yananuka dawa, na klorini ikapunguzwa ili watu waridhike. Malalamiko hayo tunayajua sote tunaotumia maji ya bomba, kuanzia Mombasa hadi Mwanza. Hata mimi, maji yakinuka klorini, hukunja uso. Siku hizi najizuia nisiseme neno.

Jumatatu tarehe 15, sampuli za maji zinachukuliwa na kupelekwa maabara binafsi. Siku hiyohiyo Kisima Namba 7 kinaanza kusukuma maji kwenda mjini bila klorini yoyote, maana mashine yake ya zamani imeondolewa na mpya haijafungwa. Kitaendelea hivyo hadi Ijumaa. Si Namba 7 kilicholeta ugonjwa, lakini shikilia jambo hili, kwa sababu ndilo litakalofunga mdomo wa meneja wa shirika la maji.

Jumatano tarehe 17. Maabara inampa meneja majibu, kwanza kwa simu, kisha kwa faksi: sampuli zina E. coli. Karatasi hiyo ilikwenda kwake peke yake. Miaka minne nyuma serikali ya jimbo ilikuwa imejitoa kwenye kupima maji ya miji na kuziachia maabara binafsi, na haikuweka sharti kwamba majibu mabaya yapelekwe pia kwa idara ya afya. Maabara ilimjulisha mteja wake, na kazi yake ikaishia hapo.

Alhamisi tarehe 18, watu wanaanza kuugua. E. coli huyu hukaa tumboni siku tatu au nne kabla ya kujitokeza, kwa hiyo maji yaliyonywewa Jumapili mezani pamoja na mama sasa yanadai. Watoto karibu 20 wa shule moja hawakufika darasani. Wawili wanapelekwa hospitali ya Owen Sound, mji wa jirani, wakiwa na homa na kuhara damu. Wapo wakazi wanaopiga simu ofisi ya maji kuuliza, na wanaambiwa maji hayana tatizo.

Ijumaa tarehe 19, asubuhi, daktari wa watoto pale Owen Sound, Kristen Hallett, anapiga simu idara ya afya. Amewaona watoto wawili wa mji mmoja wenye dalili zilezile, naye anashuku E. coli. Ugonjwa huo ulijulikana zaidi kwa nyama ya kusaga isiyoiva, na mawazo ya wengi yalikwenda kwenye chakula. Hata hivyo mchana ule idara ya afya ilimpigia meneja wa maji na kumuuliza waziwazi: maji yakoje? Akajibu kwamba anaamini maji ni mazuri. Faksi ilikuwa na siku mbili mezani kwake.

Kwa nini alinyamaza? Tume iliona kwamba alikuwa anaficha habari ya Namba 7 kuendeshwa bila klorini. Aliogopa aibu ya kosa la kazini, na inaelekea hakuelewa kwamba bakteria wale wanaweza kuua. Alianza kazi hiyo akiwa kijana, akapewa cheti cha juu kwa sababu ya miaka aliyokaa kazini, bila kufundishwa wala kutahiniwa. Jioni ya Ijumaa alianza kufungulia maji yamwagike na kuzidisha klorini kwenye mabomba. Alikuwa anajaribu kusafisha, tena alikuwa anafuta ushahidi, na sidhani mwenyewe aliweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Jumamosi tarehe 20. Kinyesi cha mgonjwa mmoja kinaonyesha O157. Idara ya afya inampigia meneja tena, na tena. Anazungumzia klorini iliyomo sasa. Sampuli za Jumatatu hazitaji. Lakini siku hiyo mfanyakazi mmoja wa shirika, bila kusema jina lake, aliinua simu akakiarifu kituo cha dharura cha wizara ya mazingira kwamba kuna sampuli zilizofeli. Kituo kilipomuuliza meneja, alijibu kana kwamba matatizo yalihusu bomba jipya lililokuwa likilazwa tu. Simu ya yule mfanyakazi haikufua dafu siku ile. Mimi bado namheshimu.

Jumapili tarehe 21, saa saba na nusu mchana, idara ya afya ikaacha kusubiri. Bila majibu ya maji mkononi, ikatangaza: chemsheni maji, chemsheni kwanza ndipo mnywe. Tangazo lilitolewa kupitia redio za eneo lile. Ilikuwa mwisho wa juma mrefu wa sikukuu, watu wengi walikuwa bustanini na safarini, na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba siku ile ni asilimia 44 tu ya wakazi waliopata habari. Waliobaki waliendelea kunywa. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba, wala gari la kipaza sauti halikuzunguka. Kwa mji wa watu 4,800 kazi hiyo ingemalizika kabla ya jua kuzama, na sioni udhuru wa kutoifanya.

Msomaji aliyelelewa na mama wa Kiswahili atashangaa. Kwetu maji huchemshwa, yakaachwa yapoe, yakatiwa mtungini, na mgeni akisita kunywa maji ya bomba hakuna anayeona vibaya. Watu wa Walkerton hawakuwa na mazoea hayo kwa sababu hawakuwa na haja nayo. Mgonjwa anayehara huambiwa anywe maji mengi, nao wakawapa wagonjwa wao maji ya bomba, glasi baada ya glasi.

Jumatatu tarehe 22, kifo cha kwanza. Helikopta za wagonjwa zilikuwa zikiwapeleka watoto London, ile London ya Ontario, kwenye hospitali kubwa yenye mashine za kusafisha damu. Sumu ya O157 huvunja chembe nyekundu za damu na kuziba mishipa midogo ya figo, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wazee. Siku hizohizo meneja alimtaka msimamizi wa kazi aliyekuwa chini yake abadilishe tarakimu za daftari.

Jumanne tarehe 23, asubuhi, majibu ya sampuli zilizochukuliwa na idara ya afya yakatoka: maji yana E. coli. Hapo ndipo meneja alipoitaja faksi ya Jumatano.

Walikufa watu saba. Waliougua walizidi 2,300, karibu nusu ya mji. Watu 27 figo zao zilishindwa, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne. Amri ya kuchemsha maji haikuondolewa hadi tarehe 5 Desemba. Meneja na msimamizi walikiri makosa mahakamani mwaka 2004. Mmoja akafungwa mwaka mmoja, mwingine akapewa kifungo cha nyumbani.

Jaji Dennis O'Connor, aliyeongoza tume, alitoa ripoti ya kwanza Januari 2002, na kuna hesabu moja ndani yake ambayo wasimulizi wengi huiruka. Kama meneja angesema kweli Ijumaa tarehe 19, watu 300 hadi 400 wasingeugua, lakini haielekei kwamba hata kifo kimoja kingeepukwa. Waliokufa walikuwa wamekwishakunywa. Uongo wake ulikuwa dhambi kubwa, ila haukuwaua wale saba. Kichupa cha Jumamosi tarehe 13 kingepunguza sana ukubwa wa mkasa. Na kama Namba 5 kingefungwa vifaa vya kupima klorini na uchafu wa maji muda wote, vinavyozima pampu vyenyewe mambo yakiharibika, maji yale yasingefika mjini kabisa. Kanuni ya vifaa hivyo kwa visima vinavyopenywa na maji ya juu ya ardhi ilikuwepo tangu 1994. Hakuna ofisa aliyerudi kwenye faili la 1978 kuuliza kama Namba 5 nacho ni cha aina hiyo.

Baada ya ripoti, Ontario ilipitisha Sheria ya Maji Salama ya Kunywa ya mwaka 2002. Sasa maabara inayokuta bakteria kwenye maji ya mji lazima imjulishe mkuu wa afya wa wilaya na wizara papo hapo, pamoja na mwenye maji, na mwendesha mitambo hapati cheti bila mafunzo na mtihani. Watafiti waliwafuatilia wakazi wa Walkerton hadi 2008. Walioharisha vibaya Mei ile walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu na ya figo kudhoofika kuliko wenzao, na ushauri waliopewa ni kupimwa presha kila mwaka.