Usiku wa Krampus

Usiku wa Krampus ni sherehe ya kijamii ifanyikayo jioni ya tarehe 5 Desemba, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, hasa katika milima ya Alpi nchini Austria na kusini mwa Ujerumani. Krampus ni zimwi lenye pembe ambalo, kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, hufuatana na mtakatifu huyo na kuwatisha watoto watukutu, huku Nikolasi akiwatuza watiifu. Wachezaji huvaa ngozi za kondoo au mbuzi, kengele nzito viunoni na barakoa za mbao, ambazo uchongaji wake ni sanaa ya hali ya juu kwelikweli. Katika maandamano yanayolenga familia, baadhi yao huvua barakoa mbele ya watoto ili uso wa binadamu uonekane.