Pumzi na Ngumi: Jinsi Tiba ya Qi Ilivyoingia katika Sanaa za Mapigano za Uchina

Vitabu vingi vya mafunzo ya taijiquan, sanaa ya mapigano ya Kichina ifahamikayo zaidi kwa jina la taichi, husimulia kwamba tangu kale mwalimu wa ngumi alikuwa pia tabibu, na kwamba nguvu ileile aliyoitumia kumwangusha adui ndiyo aliyoielekeza kwa mgonjwa ili apone. Masimulizi hayo yanavutia, lakini maandishi yaliyosalia hayayaungi mkono, kwani yanaonyesha kwamba kuongoza nguvu ya ndani kwa ajili ya afya na kupigana vilikuwa kwa muda mrefu kazi mbili zenye mafundi wake mbalimbali, na kwamba ndoa yake ilifungwa polepole kuanzia karne ya 17, huku sehemu kubwa ya sherehe ikifanyika katika karne ya 20.

Jina la nguvu hiyo ya ndani lahitaji ufafanuzi. Qi, litamkwalo “chi”, ni hewa, mvuke na pumzi, na pia ni ule uhai unaoaminika kuzunguka mwilini kwa njia zake maalumu. Kiswahili hakina neno moja la kuubeba mzigo huo wote, kwa kuwa pumzi hukomea mapafuni ilhali qi husemwa kushuka hadi chini ya kitovu na kufika kwenye ncha za vidole. Mazoezi ya kuiongoza ni ya kale kweli. Kaburi moja la Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa katika miaka ya 1970, lilitoa kitambaa cha hariri chenye michoro 44 ya wanaume kwa wanawake wakijinyoosha, wakijipinda na kuiga wanyama, na kando ya baadhi yao pametajwa maradhi yanayolengwa na zoezi husika. Mmoja ameshika fimbo, lakini aitumia kunyooshea mwili, wala si kupigania.

Mafundi wa ngumi nao walikuwa na tiba yao, ila ilikuwa tiba ya mkono juu ya mfupa: kurudisha bega lililoteguka, kuunga kiungo kilichovunjika, kuchua penye uvimbe kwa dawa ya mitishamba iliyolowekwa katika pombe kali. Wong Fei-hung, bingwa wa Guangdong aliyekuja kuwa shujaa wa filamu za Hong Kong, alikuwa na duka la dawa la namna hiyo mjini Guangzhou. Mapato ya watu wa aina yake yalitegemea majeruhi, na majeruhi hawakukosekana.

Wazo la “ukoo wa ndani”, yaani neijia, linajitokeza mwaka 1669 katika maandishi ya kaburini ambayo mwanazuoni Huang Zongxi alimwandikia mpiganaji Wang Zhengnan, akiitofautisha ngumi ya ndani, inayosubiri na kutumia utulivu, na ile ya nje ya hekalu la Shaolin. Habari za kuponya wagonjwa hazimo, na wanahistoria kadhaa wameona humo fumbo la kisiasa dhidi ya watawala wa Kimanchu waliotoka nje ya nchi. Kitabu kilichokutanisha mazoezi ya afya na ngumi kilikwisha kutokea kabla ya hapo: Yijinjing, mwongozo wa kubadili mishipa na misuli, wenye neno la mwisho la mwaka 1624, uliochanganya pumzi, kujikanda na kuukaza mwili ustahimili mapigo. Mwandishi wake aliuhusisha na mtawa Bodhidharma, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, na uongo huo mtafiti Tang Hao aliuanika mwaka 1930, pamoja na ngano ya kwamba taijiquan ilibuniwa na Zhang Sanfeng. Walimu wengi wanaendelea kuzisimulia zote mbili, maana nasaba ndefu huvuta wanafunzi kuliko tarehe sahihi.

Bunduki zilipoiondolea ngumi thamani yake vitani, afya ndiyo iliyobaki kuwa sababu ya kuifundisha. Sun Lutang, aliyechapisha kitabu chake cha xingyiquan mwaka 1915, aliziweka sanaa za xingyi, bagua na taiji katika ukoo mmoja na kuzieleza kama njia za kulea qi. Wang Xiangzhai, aliyefariki mwaka 1963, alikwenda mbali zaidi kwa kuiacha karibu mifuatano yote ya miondoko na kubakiza kusimama: miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono imeinuliwa mbele ya kifua kana kwamba inakumbatia mti, na mtu hukaa hivyo hadi mapaja yaanze kutetemeka. Mkao uliokuwa msingi wa mpiganaji ukawa, katika miaka ya 1950, dawa waliyofundishwa wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu.

Jina qigong, kwa maana inayojulikana leo, lilienezwa na serikali. Liu Guizhen, ofisa wa Chama cha Kikomunisti mkoani Hebei, aliugua vidonda vya tumbo, akarudi kijijini mwaka 1947 na kufundishwa na mzee wa ukoo wake zoezi la kupumua huku maneno machache yakitamkwa kimoyomoyo, ulimi ukipanda kugusa kaakaa pumzi inapoingia na kushuka inapotoka. Alipopona, wakubwa wake waliagiza mbinu hiyo ichunguzwe na kuondolewa kila kilichonuka dini, na mwaka 1949 ikapewa jina hilo. Kituo cha Beidaihe, kando ya bahari, kilifundisha matabibu kutoka mikoa mbalimbali. Siri ya mwalimu kwa mwanagenzi mmoja ikawa somo la darasani. Kisha katikati ya miaka ya 1960 siasa zikageuka, kituo kikafungwa na Liu akafukuzwa chamani.

Kilichorudi baada ya mwaka 1978 kilikuwa kitu kingine. Walimu, baadhi yao wakijivunia pia umahiri wa ngumi, walidai kutoa “qi ya nje” mikononi mwao na kuponya bila kugusa, na kumbi zikajaa maelfu ya watu waliolipa kiingilio. Mwaka 1988 wachunguzi kutoka Marekani, miongoni mwao Paul Kurtz na James Randi, walimweka bingwa mmoja chumba kimoja na mgonjwa wake kingine. Mgonjwa alijipinda na kutikisika kama kawaida yake, lakini nyakati zake hazikulingana na zile ambazo bingwa alikuwa akituma qi.

Baada ya Falun Gong, kundi lililotokana na vuguvugu hilo la qigong, kupigwa marufuku mwaka 1999, serikali ilibana vikundi vyote vya qigong, na mwaka 2003 mamlaka ya michezo ikatoa mifuatano minne rasmi ya qigong ya afya, mojawapo ikiitwa Yijinjing. Humo hamna mkono unaotuma qi kwa mgonjwa, wala mwili unaokazwa kwa ajili ya kupigwa.