Chaneli Kumi na Sita

Mtu akinunua kibodi ya MIDI kwa mara ya kwanza, mara nyingi huichomeka kwenye laptopu, akabonyeza, asisikie kitu. Anabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Taa inawaka, sauti hakuna. Nimepigiwa simu za aina hii na marafiki kadhaa, na karibu wote husema neno lile lile: nimeuziwa mbovu.

Si mbovu. Kibodi ile haina sauti ndani yake na haikukusudiwa kuwa nayo. Kinachopita kwenye waya ni maagizo tu: noti hii imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki; sasa imeachiliwa. Sauti inatoka kwenye programu, iwe FL Studio, Reaper au Ableton Live, na programu haitasikiliza chochote mpaka uingie kwenye mipangilio yake, uitafute kibodi katika orodha ya vifaa, uiwashe, kisha uweke ala kwenye traki. Hapo ndipo utakutana na maswali. Chaneli gani, 1 hadi 16? Nguvu ya kidole, 0 hadi 127? Mbona do ya katikati kwenye kibodi inaitwa C4 na kwenye programu inaitwa C3? Wengi hubonyeza sawa, sawa, sawa, wakaendelea na biti yao. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka, mpaka siku moja menyu hiyo ikanikwamisha mbele ya mzee wa watu. Nitafika hapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 sinthesaiza zilikuwa kama majirani wasiosalimiana. Nyingi zilizungumza kwa umeme: ukipandisha volti, noti inapanda. Lakini kwa Roland na kwa Sequential Circuits volti moja ilikuwa okteva moja, ilhali Korg na Yamaha walikuwa na hesabu yao nyingine kabisa. Ukiunganisha ya huyu na ya yule, unapata kelele. Aliyechoka zaidi na hali hiyo alikuwa Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, Mjapani aliyeanza maisha kwa kutengeneza saa baada ya vita. Mwaka 1981 alilifikisha jambo hili kwa watengenezaji wenzake wa Marekani, na mmoja wao, Dave Smith wa Sequential Circuits kule California, akalishika. Mwezi wa Novemba mwaka huo Smith na mwenzake Chet Wood waliwasilisha pendekezo lao mbele ya wahandisi wa sauti mjini New York. Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki huko Anaheim, Prophet-600 ya Smith iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland. Ukibonyeza hii, ile inaitika. Maelezo kamili ya MIDI yalichapishwa Agosti mwaka huo huo.

Jambo lililonifanya niwapende wazee hawa ni hili: hawakudai malipo. Kampuni yoyote ingeweza kutumia MIDI bila kulipa hata senti ya leseni. Sequential Circuits yenyewe haikufaidi kwa muda mrefu. Kufikia 1987 ilikuwa imefungwa na kununuliwa na Yamaha, na Smith akakaa bila jina la kampuni yake hadi 2015, Yamaha walipomrudishia kwa kuhimizwa na Kakehashi. Mashindano yao yalikuwa ya miaka mingi, lakini mzee hakusahau.

Na waliifanya iwe rahisi makusudi, ili mtengenezaji wa kibodi ya bei ya chini asipate kisingizio. Walichagua plagi ya pini 5 iliyokuwa tayari imejaa kwenye redio na vinasa sauti vya Ulaya, na kati ya pini hizo 5 wakatumia 3 tu. Namba nazo walizibania vile vile. Kila kipande cha ujumbe kina biti 8. Ya kwanza wakaitumia kutofautisha agizo na kiasi, zikabaki 7, na biti 7 haziwezi kuhesabu zaidi ya 0 hadi 127. Kwa chaneli wakatenga biti 4, ndiyo maana ziko 16 na si 20. Kasi ya waya ni biti 31,250 kwa sekunde, ambayo leo inachekesha, lakini noti moja hupita kwa muda usiofika milisekunde moja. Kwa hivyo ukibonyeza leo na sauti ikachelewa, usiilaumu MIDI. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, uangalie bafa. Sampuli 512 kwa kasi ya 44,100 ni karibu milisekunde 12, na juu yake kuna ucheleweshaji mwingine wa dreva. Weka dreva ya ASIO kama unatumia Windows, shusha bafa hadi 128, na mkono utaanza kuelewana na sikio. Kompyuta ikianza kukwaruza, panda hadi 256.

Yale ya C3 na C4 ni ugomvi mdogo ambao haukuisha. MIDI inajua namba tu. Do ya katikati ni namba 60. Yamaha wakaiita C3, Roland wakaiita C4, na sisi tumerithi. Besi yako ikisikika okteva moja juu ya ulivyotarajia, kwanza tazama kitufe cha okteva kwenye kibodi kabla hujaanza kuitilia shaka programu.

Waya ule wa bei ya chini ulifika mbali. Kompyuta ya Atari ST ya 1985 ilitoka kiwandani ikiwa na matundu ya MIDI tayari. Mwaka 1997 Wabelgiji wa Image-Line wakatoa FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio, na hiyo ndiyo iliyoingia vyumbani mwa vijana wetu, Nairobi, Mombasa, Dar, mara nyingi kwa nakala ambazo hatutaulizana zilitoka wapi. USB nayo ikauondoa ule waya wa pini 5 na kuacha lugha ile ile ikipita ndani. Kijana wa leo mwenye kibodi ya vitufe 25 na laptopu kuukuu anafanya kazi ambayo zamani ilihitaji bendi nzima na jumba la kurekodia.

Lakini ile hesabu ya noti 128 ilikuwa na dhana ndani yake. Ilidhani kwamba noti ni kitufe cha piano, kwamba okteva ina vituo 12, na kwamba kati ya kituo na kituo hakuna mtu anayeishi. Mwaka 1991 watengenezaji wa Japani na Marekani waliongeza orodha ya ala 128 ambazo kila kifaa kinapaswa kuzijua, inayoitwa General MIDI. Piano zimo za kila namna. Ngoma wakazipa chaneli ya 10, na mpaka leo ziko hapo. Ukishuka hadi namba 105 unafika kwenye kundi la ala za dunia, nafasi 8: sitar ya India, banjo, shamisen na koto za Japani, kalimba, filimbi ya mfuko, fidla, na shanai. Afrika imepewa kalimba, pamoja na vipande kadhaa kwenye ile chaneli ya ngoma, kama agogo. Nyatiti hakuna. Udi hakuna. Zumari hakuna. Hata hiyo kalimba, kwa jina na umbo linalouzwa madukani, ilienezwa na Hugh Tracey kutoka Afrika Kusini katika miaka ya 1950, akiwa ameipanga kwa skeli ya Kizungu.

Sasa yule mzee. Ni mpiga udi wa Mji wa Kale, Mombasa, wa kizazi kilichokua kikimsikiliza Zein l'Abdin. Nilikwenda kumwekea kinanda chini ya wimbo wake, kwa sababu taarabu ya kisasa ilishahamia kwenye vinanda tangu miaka ya 1990 na mjukuu wake alitaka nyuma pawe na nyuzi za fidla. Wimbo ulikuwa wa rast. Nikaunganisha, nikapiga. Akatikisa kichwa.

"Hiyo mi yako imenyoka sana, mwanangu. Yetu yalala."

Nikajaribu mi ya chini, ile nyeusi. "Sasa yalia. Hatuko matangani."

Alichokitaka kiko katikati ya vitufe viwili, na katikati hapana kitufe. Nikasema, naam fundi, nikakimbilia gurudumu la kupindia sauti. Lile angalau lina hatua 16,384, si 128. Kwa kawaida linapinda nusutoni mbili juu na mbili chini, kwa hivyo robo toni ni kulishusha kwa 2,048 kutoka katikati. Nikaandika namba hiyo, mi ikalala vizuri. Tatizo ni kwamba do na sol nazo zililala, maana pindo la MIDI huishika chaneli nzima. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Dawa yake niliipata usiku, na ni ya kizamani kama waya wenyewe: mpe mi chaneli yake. Noti zote chaneli ya 1, mi peke yake chaneli ya 2 ikiwa imeshushwa, zote mbili zikielekezwa kwenye ala ile ile ya fidla, iliyopakiwa mara mbili. Watu wa MIDI wenyewe walilifanya wazo hili kuwa sheria rasmi mwaka 2018 chini ya jina la MPE, ambapo kila noti hupewa chaneli yake. Mwaka 2020 ikaja MIDI 2.0, yenye nafasi kubwa zaidi, lakini kibodi yangu haijui habari hizo.

Asubuhi nikampigia tena. Akafumba macho, akafuata kwa udi wake hadi mwisho wa ubeti.

"Naam, sasa yalala. Lakini waiweka pale pale ukipanda na ukishuka. Ukishuka, ilegeze zaidi kidogo."

Nikafungua menyu. Zilikuwa zimebaki chaneli 14.