Mlembe na Warina Asali

Tangu kale warina asali wa Afrika wamesimulia habari za mlembe, ndege mdogo ambaye humjia mtu porini, humlilia kana kwamba anamwita, kisha huruka mti hata mti mpaka amfikishe penye nyuki. Hapo mtu huwafukiza nyuki kwa moshi, hupasua mti na kutwaa asali. Naye ndege hupata nta na mabuu yaliyobaki.

Wageni walizisikia habari hizo zamani. João dos Santos, padre wa Kireno aliyekaa Sofala, Msumbiji, alimtaja ndege huyu katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1609; na mwaka 1777 Anders Sparrman, Mswedi, aliwaeleza wanachuoni wa Ulaya habari zake. Lakini miaka mingi ilipita kabla ya maneno ya warina asali wenyewe kupimwa kwa makini.

Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Mkenya, Hussein Adan Isack. Yeye na mwenzake, Heinz-Ulrich Reyer, walifuatana na Waborana wa kaskazini ya Kenya. Waborana walidai ya kuwa, kwa kumtazama na kumsikiliza mlembe, huujua upande waliko nyuki, umbali wao, na wakati wa kufika. Wataalamu hao walipima, wakatangaza mwaka 1989 kwamba madai hayo ni kweli. Katika nchi ngeni, mrina asali asiye na kiongozi alihitaji kwa wastani saa 8.9 ili kupata nyuki. Aliyeongozwa na mlembe alihitaji saa 3.2 tu. Tena, katika kila viota 100 vya nyuki, 96 ndege hakuweza kuvifikia mpaka mtu avifungue.

La ajabu ni kwamba mlembe hutaga mayai katika viota vya ndege wengine, wala kinda wake halelewi na wazazi wake. Basi hawezi kufundishwa nao kazi ya kuongoza. Yaelekea amezaliwa nayo. Lakini lugha ya majirani zake hujifunza. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba, huko Msumbiji, mwito wa Wayao uliongeza nafasi ya mtu kuonyeshwa nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Mwaka 2023 ikadhihirika kwamba milembe wa nchi ya Wayao huitikia zaidi mwito wa Wayao, na wale wa nchi ya Wahadza, Tanzania, huitikia zaidi mbinja za Wahadza.

Hapa pana onyo kwetu. Mapatano haya yana pande mbili. Watu wakiacha kumfuata, kwa kuwa sukari i dukani, mlembe hukosa wa kumwongoza. Haitoshi, basi, kuhifadhi misitu na ndege waliomo. Kijana asiyejifunza mwito wa babu yake huacha ukatike uzi uliosokotwa kwa vizazi visivyohesabika, nao ukikatika, hakuna kitabu kitakachouunga tena.