Dizeli Unajaza Wewe

Vijana hapa Tegeta Kibaoni wakiona bei ya dizeli hulalama kana kwamba kubana mafuta kumeanza jana. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 mafuta yaliadimika, hata magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Daladala ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1983, mzigo ukamwangukia dereva: tajiri mwenye gari anataka hesabu yake ya siku kamili, dizeli unajaza wewe.

Ndipo ikashamiri tabia ya kupiga frii, yaani kushuka mteremko bila gia. Lori limebeba saruji, linashuka kutoka kilima cha Wazo, dereva anatoa gia, breki pekee ndizo zinashika tani zote zile, na ukisimama kando unasikia harufu ya breki kuungua. Uchoyo wa kijinga, nasema mimi. Ukiacha gia ndani na kuondoa mguu kwenye mafuta, pampu inakata dizeli. Ukitoa gia, injini lazima iendelee kunywa ili isizime.

Tangu barabara ya Mwenge–Tegeta ipanuliwe kuwa njia nne, madereva wa daladala nao wanakimbizana kituo hadi kituo. Kila breki ya ghafla inamwaga dizeli uliyokwisha kuilipia. Konda atakuhimiza ukanyage; usimsikilize.